"Injini Imefanyiwa Ovaholi": Maneno Matatu Niliyoyanunua, Kisha Nikayauza

Tangazo lilikuwa na picha tatu na sentensi moja: "Land Rover Series IIA, 1966, injini imefanyiwa ovaholi." Ovaholi ni kuifungua injini yote na kuirudisha katika hali yake. Nililisoma tangazo asubuhi, mchana nikawa nimeshampigia simu mwenye gari, na usiku sikulala vizuri kwa kuogopa kwamba kuna atakayeniwahi. Sasa imepita miaka tisa. Juzi nimeandika tangazo langu mwenyewe la gari lile lile, na maneno yale matatu ya mwisho yamo tena. Kati ya tangazo lile na hili nimejifunza mambo ambayo ningefurahi sana kuambiwa mapema, ndiyo maana nayaandika.

Kwanza niseme kwa nini gari la aina hii humfanya mtu mwenye akili timamu asahau kukagua. Land Rover haikuundwa ili ipendeze. Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alianza kuifikiria mwaka 1947, ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilitolewa kwa mgao, hivyo bodi ikatengenezwa kwa aloi ya alumini iitwayo Birmabright. Kila kitu kilifanywa rahisi kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kukifanya kigumu. Matokeo yake ni gari ambalo ukifungua boneti unaiona injini yote, na ukiinama kidogo unaiona ardhi upande wa pili. Huhitaji kompyuta kuliuliza linaumwa nini. Yangu ni ile fupi, ya inchi 88 kati ya ekseli na ekseli, yenye injini ya petroli ya silinda nne, 2286 cc. Tundu la hendeli lipo kwenye bampa la mbele, na betri ikikuangusha unaweza kuiwasha kwa mkono. Mtu anayependa kujua vitu vinafanyaje kazi akisimama mbele ya gari kama hilo, moyo wake hutangulia na macho hufuata nyuma.

Nilipofika kuliona, injini ilikuwa ya moto. Mwenye gari alisema ametoka kulisogeza kutoka uani. Bloku ilikuwa imepakwa rangi mpya, hedi inayofunika silinda kwa juu imepakwa rangi mpya, hata boliti za sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, zilikuwa na rangi. Akawasha, ikashika mara moja, ikanguruma taratibu. Taa ya oili ikazima papo hapo. Tulizunguka nalo kidogo, nikarudi nikatoa pesa. Sikuomba risiti hata moja ya kazi iliyofanyika. Sikuuliza jina la fundi. Nilichukua neno "ovaholi" kama mtu anavyopokea salamu: nikaitikia, nikapita.

Wiki ya tatu taa ya oili ikaanza kupepesa kila injini inapopata moto na gari likiwa limesimama sailensa, yaani injini ikizunguka bila kukanyagiwa mafuta. Nikikanyaga mafuta kidogo inazima. Series IIA haikutoka kiwandani na geji ya presha ya oili, ina taa tu, na taa hiyo huwaka presha ikiwa imeshaanguka sana. Kwa hiyo taa ikikuambia kuna tatizo, tatizo lina umri tayari. Mimi sikulijua hilo. Niliongeza oili, nikaendelea kuendesha siku nne zaidi. Siku ya tano, nikipanda mlima kwa gia ya tatu, nikasikia mlio kutoka chini: ko, ko, ko, ko, mzito, unaoenda na mwendo wa injini. Nikazima pale pale. Gari lilirudi nyumbani kwa kuvutwa.

Fundi aliyenisaidia ni mzee aliyezoea injini hizi tangu ujana wake. Sitamtaja jina, hapendi. Nilimwita Mzee, naye aliniita mwanangu, na kwa miezi iliyofuata uhusiano wetu ulikuwa hivyo hasa. Kabla hajashika spana, alichovya kidole kwenye oili, akakivuta polepole. Oili ilikuwa nzito kama asali.

"Mwanangu, oili hii imewekwa ili kunyamazisha kitu," akasema.

Tukamwaga oili, tukashusha sampu, akafungua kifuniko cha konrodi ya silinda ya tatu, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, mhimili unaozunguka chini ya injini. Beringi, ile ganda la chuma laini kati ya konrodi na krenki, ilikuwa imekwisha mpaka rangi ya shaba imetokeza. Hilo peke yake ni uchakavu wa kawaida, injini yoyote itafika huko. Kilichonikata maini kilikuwa nyuma ya beringi. Kulikuwa na kipande chembamba cha bati, kimekatwa kwa mkasi kwenye kopo, kikapachikwa hapo ili kuibana beringi kwenye krenki iliyoliwa. Kifuniko cha konrodi nyingine kilikuwa na alama za tupa: mtu alikisugua ili kipungue, kibane. Tulipoinua hedi tukakuta ukingo juu ya kila silinda unaohisika kwa kucha, yaani pistoni zimekula ukuta wa silinda kwa miaka mingi na hakuna aliyechonga chochote. Ringi za pistoni zilikuwa mpya. Gasketi zilikuwa mpya. Rangi ilikuwa mpya. Hiyo ndiyo ovaholi niliyoinunua.

Nilirudi kwa aliyeniuzia nikiwa na kile kipande cha bati mfukoni. Nilikwenda na hasira nyingi, nikarudi na jambo ambalo nimeendelea kulifikiri hadi leo. Alikitazama muda mrefu, kisha akaniambia kwamba yeye naye alimlipa fundi ili injini ifanyiwe ovaholi, akarudishiwa gari linalowaka vizuri, akaamini. Sikuwa na njia ya kujua kama anasema kweli. Lakini nadhani alisema kweli. Neno lilikuwa limetoka kwa fundi likaja kwake, likatoka kwake likaja kwangu, na njiani halikuwahi kuandamana na karatasi, wala picha, wala kipande kimoja cha chuma cha zamani. Kama ningeliuza gari lile wiki ya pili, kabla taa haijaanza kupepesa, nami ningesema vile vile kwa moyo safi.

Basi tukaanza upya, safari hii kwa kuandika. Nilinunua daftari gumu, na kila tulichopima nilikiandika. Mzee aliona ni usumbufu mwanzoni, kisha akawa ananisubiri nimalize kuandika ndipo aendelee.

Ovaholi ya kweli huanza kwa kupima, na chombo chake ni maikromita. Jicho haliwezi kazi hiyo, wala kidole. Krenki ilipelekwa kwenye karakana ya mashine pamoja na bloku. Shingo za krenki, pale inapokaa kwenye beringi, zilikuwa zimeliwa zikawa na umbo la yai. Zikachongwa kurudi kwenye duara kamili, na kwa kuwa kuchonga kunapunguza chuma, ndipo unanunua beringi nene zaidi za kujaza pengo. Saizi hizo zimepangwa kwa hatua za inchi 0.010: 0.010, 0.020, 0.030, 0.040. Yangu ilifika 0.020. Injini za 2.25 za miaka hiyo zina beringi kuu tatu tu zinazoishika krenki. Tano zilikuja mwaka 1980. Ukiwa na tatu, huna nafasi ya kubahatisha hata moja.

Silinda nazo zikachongwa, zikaongezwa 0.020 ya inchi, na pistoni mpya za saizi hiyo zikanunuliwa kabla ya kuchonga, ili mchongaji azipime pistoni zenyewe kwanza. Mpangilio huo ni muhimu. Wapo wanaochonga kwanza wakaenda kutafuta pistoni baadaye, na wakikosa zinazolingana bloku hukaa chini ya turubai mwaka mzima. Au mbaya zaidi, zinafungwa tu hivyo hivyo.

Sasa nifike kwenye kazi ambayo haina utukufu wowote na ambayo naamini ndiyo huua injini nyingi zilizofufuliwa: kuosha. Silinda ikitoka kuchongwa na kuhoniwa ina chembe za mawe yaliyoisugua, zimejificha kwenye mikwaruzo ile midogo. Ukiifuta kwa petroli itaonekana safi, lakini petroli huziacha chembe palepale. Zinatoka kwa maji ya moto, sabuni na brashi. Mzee alinifanya nisugue, kisha nipitishe kitambaa cheupe chenye oili. Kikatoka na kijivu. "Rudia." Nikarudia. Kijivu. "Rudia." Mara ya sita kitambaa kikatoka cheupe, naye bila kusema neno akaanza kupaka oili kuta za silinda kabla hazijashika kutu, maana chuma kilichooshwa namna hiyo huanza kutu dakika hiyo hiyo. Tuliondoa pia vizibo vya njia za oili ndani ya bloku na kupitisha brashi nyembamba. Kilichotoka humo kilikuwa uji mweusi wa miaka hamsini.

Hedi ilipata valvu mpya, na viti vya valvu za eksozi tukaweka vya chuma kigumu. Injini nyingi za zama hizo zilizoea petroli yenye risasi, na risasi ile ilikuwa kama mto kati ya valvu na kiti chake. Petroli hiyo haiuzwi tena kwenye vituo popote duniani. Nchi ya mwisho kuiacha ilikuwa Algeria, Julai 2021. Kwa afya ya watoto ni ushindi mkubwa ambao haukupigiwa kelele ya kutosha. Kwa injini ya zamani maana yake ni kwamba kiti laini kinaweza kuliwa kidogo kidogo, pengo la valvu linapungua, na siku moja valvu inashindwa kufunga. Kwa hiyo ukinunua gari la namna hii, uliza viti vya valvu ni vya aina gani, kisha omba kuona risiti ya kazi hiyo.

Kufunga kulichukua siku chache tu. Kila ringi niliisukuma ndani ya silinda yake na kupima mwanya wa ncha zake kabla ya kuivalisha pistoni. Boliti za hedi zilikazwa kwa spana ya kupimia, kwa hatua, kuanzia katikati kwenda nje. Valvu tukaziseti kwa pengo la 0.010 ya inchi, za kuingiza na za kutoa zote sawa. Waya za plagi kwa mpangilio wa 1-3-4-2. Safari hii niliweka na geji ya presha ya oili, kitu cha kwanza ninachomshauri kila mwenye Series kukifunga hata kama injini yake ni nzima.

Kisha ikaja siku ya kuwasha, na geji ile ndiyo ilitufanya tusiwashe. Kanuni ni kwamba injini iliyofungwa upya haiwashwi ikiwa kavu. Unatoa plagi zote ili krenki izunguke bila kubanwa, unazungusha mpaka pampu ivute oili na mshale wa geji usogee, ndipo unarudisha plagi. Tukaingiza hendeli kwenye bampa. Nikazungusha. Mshale umelala. Mzee akazungusha. Umelala. Tukatumia stata kwa vipindi vifupi. Umelala kabisa. Jua lilikuwa linazama na mimi nilikuwa nataka sana kuisikia. Nikamwambia Mzee labda ikiwaka itavuta yenyewe, kwa kuwa pampu itazunguka kwa kasi zaidi.

Aliweka hendeli chini. "Mwanangu, pampu kavu ni gia mbili zinazozunguka hewani. Ukiiwasha hivi, ile krenki uliyoilipia itasagika kabla hujafika kuzima swichi. Tuifungue."

Ilibidi tumwage oili mpya, tushushe sampu tuliyoifunga asubuhi, tutoe pampu, tuijaze oili na kuirudisha. Usiku ulituingilia, tukamaliza kwa taa ya mkono. Tulipozungusha tena, mara ya kumi na kitu mshale ukatetemeka, ukainuka kama mtu anayeamka. Sikuweza kusema chochote kwa muda. Kesho yake mchana, plagi zikiwa mahali pake, ikashika kwa mzunguko wa pili.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na vikishaundwa bado unaweza kuviharibu kwa haraka. Kilomita 800 za kwanza niliendesha bila kupita 65 kwa saa, nikibadilisha mwendo mara kwa mara, bila kuikamua kwa gia kubwa mlimani. Ringi mpya zinahitaji kusuguana na ukuta wa silinda chini ya mzigo wa wastani ili zikae. Injini ikiachwa ingurume tu imesimama, ukuta hung'aa na ringi hazikai kamwe, na itakunywa oili maisha yake yote. Oili ya kwanza niliimwaga mapema, kilomita 300. Ilikuwa na kumetameta kwa unga wa chuma. Ya pili, kilomita 812, ilikuwa safi. Baada ya hapo nilikazia tena boliti za hedi na kuseti valvu upya. Yote yameandikwa kwenye daftari, tarehe na kilomita.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya raha na sina mengi ya kuisimulia. Gari lilikwenda, likarudi. Nilijifunza kubadilisha gia ya kwanza na ya pili kwa kukanyaga klachi mara mbili, kwa sababu giaboksi ya IIA ina usaidizi wa kulinganisha mwendo kwenye gia ya tatu na ya nne pekee. Nilijifunza kwamba kitufe cha njano kikishindiliwa chini kinaunganisha magurudumu ya mbele, na lever nyekundu ni ya mwendo mzito wa taratibu, ambayo unaivuta gari likiwa limesimama.

Lakini kulikuwa na somo moja lililonijia kwa kuchelewa, nalo ni la chesisi. Nilikuwa nimeshughulishwa na injini kiasi cha kusahau kwamba injini ndiyo sehemu rahisi ya gari hili. Inatoka kwa mnyororo mchana mmoja. Bodi ya alumini haishiki kutu ile nyekundu, kwa hiyo gari linaonekana zima miaka mingi baada ya mifupa yake kuoza. Chesisi ni mabamba ya chuma yaliyochomelewa yakawa boksi, na matope yakiingia ndani ya boksi hilo hukaa na unyevu wake, yakaila kuanzia ndani kuja nje. Ukiona tundu nje, ndani kumeshaharibika zaidi. Yangu ilikuwa imeoza kwenye boriti ya nyuma na pale springi za nyuma zinapofungwa. Kulikuwa na viraka vilivyochomelewa juu ya viraka, vikapakwa lami nyeusi nene. Nyundo ndogo ndiyo iliyonifichulia: chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kwa sauti ya kadibodi. Tulikata, tukaweka boriti mpya, tukachomelea upya vishikio vya springi. Kazi hiyo ilikula muda na pesa kuliko injini. Leo nikiona tangazo linalosifu injini mistari kumi na halisemi lolote juu ya chesisi, najua pa kuanzia kugonga.

Mwaka huu goti langu la kushoto limekataa. Klachi ya gari hili ni nzito, na daktari amenieleza bila kuzunguka kwamba nikiendelea kuikanyaga nitalipa baadaye. Gari likikaa bila kuendeshwa hufa polepole: mipira ya breki hukauka, petroli huchacha ndani ya kabureta. Afadhali liende kwa mtu mwenye magoti.

Niliketi kuandika tangazo na kugundua kuwa ni kazi ngumu kuliko nilivyodhani. Niliandika "injini imefanyiwa ovaholi", nikaitazama sentensi ile, nikaona aibu, kwa kuwa ilikuwa ni ile ile. Nikaifuata na maelezo: krenki imechongwa 0.020, silinda zimeongezwa 0.020, valvu na viti vya eksozi vipya, kilomita elfu ishirini na moja tangu kazi hiyo, vipimo na risiti vipo, beringi za zamani zipo. Halafu nikaandika yasiyopendeza. Giaboksi haijawahi kufunguliwa mikononi mwangu, na gia ya pili hulalamika ikiharakishwa. Tufe la gurudumu la mbele kulia limekwaruzika na linavujisha oili. Chesisi imetengenezwa nyuma, kwa picha hizi. Mbele ni ya asili na ina kutu ya juu juu. Umeme wake bado ni wa kizamani, chanya ya betri imefungwa kwenye bodi, kwa hiyo usimruhusu mtu akufungie redio kabla hajaelewa hilo.

Mzee alinisomea tangazo lote kwa sauti, akashusha miwani. "Mwanangu, hili la giaboksi nani atalijua?"

"Atalijua wiki ya tatu, Mzee," nikamjibu. Hakusema zaidi.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sikubaliani nao kabisa katika jambo hili. Injini iliyofufuliwa vizuri na iliyopakwa rangi tu zinafanana kwenye picha, na zinafanana hata masikioni kwa dakika kumi za kwanza. Kizuri hakiwezi kujiuza hapo bila mtu wa kukisemea kwa ushahidi.

Wa kwanza kupiga aliuliza bei ya mwisho kabla hajaniambia jina lake. Wa pili alitaka nimwashie injini nimsikilizishe kwenye simu. Wa tatu alikuja, kijana mwenye macho yanayong'aa kama yangu ya miaka ile, akataka kulipa bila hata kuinama chini. Nilimwomba aende alale, arudi na fundi wake. Hakurudi. Inawezekana alidhani nimebadili nia, au alipata jingine. Namwombea liwe zima.

Wa nne alikuwa mama mmoja wa makamo. Aliniambia kwenye simu: "Kaka, naomba usiliwashe siku hiyo mpaka nifike." Nilitabasamu peke yangu. Alipofika, kabla ya salamu kukamilika, aliweka kiganja juu ya radieta, kisha kwenye bomba la eksozi. Baridi. Akatoa begani mfuko wenye tochi, nyundo ndogo na geji ya kompresheni, ya kupimia mgandamizo ndani ya silinda. Akalala chini ya gari kwa karibu nusu saa, akigonga boriti moja baada ya nyingine, na mimi nikakaa kimya nikisikiliza chuma kikijibu. Akalinganisha namba ya chesisi na namba ya injini na zilizo kwenye kadi ya gari, tarakimu kwa tarakimu.

Kisha akawasha, akiangalia nyuma kwenye eksozi kupitia kioo. Moshi wa bluu wakati wa kuwasha ungesema habari za valvu, na ukiendelea ungesema habari za ringi. Hakukuwa na moshi. Alisubiri ipate moto kabisa, akaiacha sailensa, akautazama mshale wa geji kwa muda ambao mimi, miaka tisa iliyopita, nilikuwa nimeshamaliza kuhesabu pesa. Akapima kompresheni: 140, 138, 142, 140. Akaziandika kiganjani kwa kalamu.

Tulipotoka kwenda kuliendesha, gia ya pili ikalia mikononi mwake. Nilifungua mdomo kueleza, akaniwahi. "Umeliandika, kaka. Nililisoma." Akakanyaga klachi mara mbili, ikaingia.

Tuliporudi nikamletea sanduku. Ndani yake mna beringi za zamani zimefungwa kwenye gazeti, zile zenye rangi ya shaba, na kipande kile cha bati. Alikigeuza kwenye mwanga, akakirudisha, akaniuliza, "Kiliendesha gari kwa muda gani hiki?" Nikamwambia, wiki tatu nikiwa nalo mimi, kabla ya hapo sijui. Akatikisa kichwa, akavuta daftari, akaanza kulisoma kutoka ukurasa wa kwanza, akiwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, miguu nje.

Tulikubaliana bei bila kuvutana sana. Nilimkabidhi funguo, kadi, sanduku, hendeli. Daftari alikuwa bado nalo. Alifika kwenye mstari wa mwisho nilioandika, akaomba kalamu, akainama dirishani kusoma kilomita kwenye dashibodi, akaziandika chini ya mwandiko wangu pamoja na tarehe ya siku ile.